Nilibashiri malisho ya Usukumani kwa picha za setelaiti za miaka 40, mzee akaniuliza "kwani ng'ombe anakula rangi?"

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu bila kutukana. Ila nyie wa ramani, wa misitu, wafugaji, na wanafunzi mnaohangaika na risechi za "mabadiliko ya uoto kuanzia mwaka fulani hadi 2050", vuteni viti.

Kazi yangu ni ramani. Mtu akitaka kujua eneo lake miti imepungua au imeongezeka tangu enzi za Mwalimu, mimi ndo nakaa na laptop usiku (bando la usiku ndo nafuu yetu) nachambua picha za setelaiti. Sasa kuna jamaa wa mradi mmoja, siwataji, walinipa kazi Usukumani, wakataka vitu viwili: malisho yamekuwaje kutoka nyuma hadi leo, na miaka 10 ijayo yatakuwaje. Ile ya kwanza nilifanya vizuri tu. Ya pili ndo imenileta hapa.

Kwa wasiojua inafanyikaje, iko hivi. Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu maana ndo chakula chake, na linarudisha kwa wingi ule mwanga wa infraredi ambao jicho letu halioni. Setelaiti inaona yote mawili. Ukichukua infraredi ukatoa nyekundu, ukagawanya kwa jumla yake, unapata namba inaitwa NDVI. Chukua kichaka kinachorudisha nyekundu 0.05 na infraredi 0.40: 0.35 gawanya kwa 0.45 unapata kama 0.78. Ardhi tupu yenye nyekundu 0.20 na infraredi 0.26 inakupa 0.13. Basi, hesabu ya darasa la sita. Ukubwa wake uko kwenye kurudia hiyo hesabu kila wiki mbili kwa kila kipande cha nchi kwa miaka na miaka.

Na hizo picha zipo wakuu, bure kabisa. Zile za AVHRR (kamera ya setelaiti za hali ya hewa) zinaanzia 1981, kipande kimoja, yaani pikseli, ni kama kilomita 8 kwa 8 kwenye zile zinazotumika sana. MODIS, kamera nyingine ya setelaiti, inaanzia mwaka 2000, mita 250, picha 23 kwa mwaka, kwahiyo hadi kufika mwisho wa 2024 una picha kama 575 za shamba lako. Landsat ndo babu yao, 1972, na ile Landsat 5 iliyorushwa 1984 ilitengenezwa idumu miaka 3, ikafanya kazi mpaka 2013! Kipande chake ni mita 30 kwa 30, karibu robo eka. Kabla ya 2008 picha moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600, sasa hivi mtoto wa chuo anashusha mia kabla ya chai.

Nikapanga namba zangu, nikatoa wastani wa kila mwaka, nikapitisha kipimo cha Mann-Kendall kuona kama mstari unapanda kweli au ni bahati, nikapima kasi kwa mteremko wa Sen. Eneo moja likatoka kijani safi kwenye ramani, linapanda mwaka hadi mwaka. Nikauvuta mstari mbele miaka 10, nikaandika kwa mbwembwe: "malisho katika eneo hili yanatarajiwa kuendelea kuongezeka". Nikalipwa nusu.

Nusu nyingine ilitaka niende nikahakiki. Naendelea chini, ngoja nile.

---

Chogo_la_Kati

Siti ya mbele kabisa. Mkuu kula haraka.

---

Binti Kolandoto

Umetukatia patamu kama tamthilia. Ila mbona umesema "nikalipwa nusu" kwa uchungu hivyo 😂

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Nimerudi.

Tukafika mwezi wa 8, vumbi tupu, pikipiki mbili. Mwenyeji wetu mzee wa makamo ya baba yangu mkubwa, nikamwamkia "mwangaluka baba", akaitika vizuri, akafurahi mtoto wa nyumbani. Nikamwonyesha ramani kwenye simu, hapa baba kwako pameongezeka kijani kuliko kote. Akaangalia akanyamaza, akasema twende.

Tulitembea kama nusu saa. Pale kwenye kijani changu kulikuwa na mtunduru. Mnaoujua mmeshaelewa. Kichaka cha miba kimeshonana hadi mbwa anapita kwa kuinama, chini yake udongo mtupu, jani la nyasi hamna. Shati langu lilichanika begani. Mzee akaokota jiwe akarusha ndani, likapotelea huko, akaniuliza taratibu tu: "Sasa kijana wangu, kwani ng'ombe anakula rangi?"

Halafu akanivusha upande wa pili wa korongo kwenye ngitili yake, yaani eneo la malisho linalotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Kwenye ramani yangu ile ngitili ilikuwa hafifu, rangi ya njano isiyo na habari. Nyasi zimefika kiunoni, kavu, za dhahabu, zimesimama. Ng'ombe walikuwa wanaingizwa siku hiyohiyo kwa mara ya kwanza tangu mvua, maana ngitili hufungwa mvua zikianza na hufunguliwa kiangazi kikikaza. Yaani chakula chote cha kijiji kilikuwa pale na setelaiti ilikuwa imekipa sifuri, kwasababu NDVI inaona ubichi. Nyasi kavu kwake ni kama udongo.

Hapo nikajua nilibashiri rangi wala sikubashiri malisho. Mstari wangu ulikuwa sahihi kihesabu, unapanda kweli na huenda ungeendelea kupanda, na kadri unavyopanda ndivyo mzee anavyozidi kukosa pa kuchungia.

---

Mzalendo Mkavu

Mimi siku zote nasema hizi mambo za kompyuta ni kamari ya wasomi. Bibi yangu alikuwa anaangalia maua ya miti anakwambia mvua itakuwaje na hakuwa na bando.

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

@Mzalendo Mkavu mkuu na bibi yako alikuwa anafanya uchambuzi wa mfululizo wa muda kabisa, tofauti data zake zilikaa kichwani. Alikuwa anakumbuka mwaka gani mti ulitoa maua mapema na mvua ikawaje. Mimi naye tuko ofisi moja. Kilichoniponza mimi ni kwamba bibi alijua mti gani, mimi nikajua kijani tu.

---

Ewaso_Boy (Isiolo)

Wakubwa niaje, nimeingia kutoka huku Kenya. Hii story ya Nkwabi sisi tuliiona Baringo na mathenge. Huo mti uliletwa mapema miaka ya 80 ndio uzuie jangwa, na ukiangalia kwa setelaiti kazi umefanya fiti kabisa, kijani hadi kwa mto. Lakini umekula malisho, miba inatoboa tairi, mbuzi wakila zile maganda tamu meno yanaoza. Wenyeji walienda kortini na wakabeba mbuzi hana meno kama ushahidi, hiyo ni kitu ilikuwa kwa magazeti. Sasa mtu akiweka hiyo trendi kwa ripoti atasema ardhi imepona.

Lakini pia msitupie hiyo NDVI lawama zote. Huku Marsabit kuanzia 2010 kuna bima ya mifugo, ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) na wenzao ndio walianzisha, na inatumia hiyohiyo NDVI. Hawahesabu ng'ombe wamekufa wangapi, wanaangalia msimu huu umekaa chini kiasi gani ukilinganisha na misimu ya nyuma ya hapo hapo. Ikishuka chini ya kiwango walichoweka, watu wanalipwa. Mwanzoni ilikuwa unalipwa ng'ombe akiwa amekufa, baadaye wakageuza walipe mapema ndio ununue majani na maji akiwa bado anasimama. Hiyo haiwezi kazi bila rekodi ndefu ya miaka. So ni nini tofauti ya hiyo na yako?

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

@Ewaso_Boy swali zuri sana kaka, na hapo ndo kuna kiini.

Wao wanauliza kitu cha karibu. Mvua iliyonyesha wiki 4 hadi 8 zilizopita ndo kijani cha leo, kwasababu maji lazima yaingie ardhini, mzizi unywe, jani litoke. Kwahiyo ukiwa na mvua ya mwezi uliopita na kijani cha sasa hivi unaweza kusema kijani cha mwezi ujao kitakuwaje na ukapatia vizuri tu. Hapo rekodi ya miaka mingi inakusaidia kujua hapa kwetu "kawaida" ni nini. 0.35 mwezi wa 4 huko Marsabit ni neema, Rungwe 0.35 ni msiba. Bila miaka ya nyuma namba haina maana.

Mimi niliulizwa miaka 10. Miaka 10 mvua yenyewe hujui, idadi ya ng'ombe hujui, hujui kama kijiji kitabadilisha sheria, hujui kama bei ya pamba itapanda watu walime hadi mlangoni. Mstari ukiuvuta unasema tu "yote yaliyokuwa yakifanyika yaendelee vilevile". Nani kawahi kuona Usukumani vitu vikaendelea vilevile?

Angalieni Shinyanga yenyewe. Miti ilifyekwa kuua mbung'o, ikafyekwa kwa pamba, ikafyekwa kwa kuni, vikaja vijiji vya miaka ya 70 watu wakaacha ngitili zao za ukoo. Mwalimu alipopita 1984 hali ikamshtua, watu wakawa wanaiita jangwa la Tanzania. Sasa chukua mtaalamu wa 1985, mpe data zote za tangu 1950, mpe kompyuta ya leo hii na kila kipimo. Angevuta mstari na angesema kufikia 2000 hakuna mti. Na hesabu yake isingekuwa na kosa hata moja!

Ila 1986 ikaanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walihimiza watu wapande miche ya kigeni, baadaye wakashtuka kwamba wenyeji wana ngitili, wakarudi kwenye ngitili. Zilizokuwa zinajulikana 1986 zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Kikao cha dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, kimekaa, sungusungu wanalinda, aliyeingiza ng'ombe kabla ya muda anapigwa faini. Hiyo faini iko kwenye pikseli gani? (Na ukitafuta data za zamani kumbuka Meatu, Maswa na Bariadi zilikuwa mkoa wa Shinyanga, Simiyu imezaliwa 2012, nimeona watu wanalinganisha mkoa mkubwa na mkoa mdogo halafu wanashangaa "upungufu".)

---

Mwanachuo Mchovu

Kaka Nkwabi shikamoo. Mimi nipo mwaka wa mwisho na hii mada ndo risechi yangu, supavaiza anataka nitumie kipeo cha Hurst kuonyesha uoto wa baadaye, na CA-Markov ramani ya 2050. Nina NDVI ya miaka 22. Hurst imetoka juu ya 0.5 karibu kote kwahiyo nimeandika "mwelekeo utaendelea". Nisaidie, ni sawa?

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Marahaba mdogo wangu. Pole na uchovu.

Huyu Hurst ukimjua utamtumia kwa adabu. Alikuwa Mwingereza mtaalamu wa maji, kaishi Misri miongo na miongo anahesabu mto Nile, swali lake lilikuwa bwawa liwe kubwa kiasi gani ili miaka mibaya isiwaue watu. Akaona kitu: miaka ya maji mengi inapenda kufuatana, na ya maji machache nayo inafuatana, kuliko ingekuwa ni kurusha shilingi (shilingi ndo ile 0.5, juu yake maana yake kuna kufuatana). Sasa yeye alikuwa na vipimo vya kisiwa cha Roda pale Cairo, vinavyoanzia mwaka 622. Mia sita ishirini na mbili mdogo wangu! Akatoa hiyo kazi 1951 akiwa na rekodi za karne na karne, wewe una nukta 22.

Ukiwa na nukta chache hivyo, njia ile ya asili ya kukokotoa inapenda yenyewe kutoa namba juu ya 0.5 hata ukiipa takataka. Jaribu leo usiku: tengeneza namba 22 za kubahatisha, pima Hurst, rudia mara 1000, uone wastani unakaa wapi. Halafu njoo uniambie kama "karibu kote juu ya 0.5" ni habari.

Na hata ikiwa ya kweli, Hurst inasema kuna kumbukumbu, haisemi itaisha lini. Haina tarehe. Ukiandika "hadi 2050" hiyo 2050 umeitoa wapi?

CA-Markov naye anachukua ramani mbili, mfano 2000 na 2020, anahesabu msitu kiasi gani uligeuka shamba, halafu anasema kasi hiyohiyo iende mbele. Ukichukua 1975 na 1985 Shinyanga unapata jangwa. Ukichukua 1990 na 2000 unapata Edeni. Ardhi ileile moja.

Siyo kwamba ukatae kwa supavaiza, utamaliza lini chuo. Fanya hivi: zuia data. Jifanye uko 2014, ficha kila kitu cha baada ya hapo, bashiri 2015 hadi 2024, kisha fungua ulinganishe. Na weka mshindani mjinga kabisa, anayesema "mwezi wa 3 utakuwa sawa na wastani wa miezi ya 3 yote iliyopita". Kama modeli yako ya kisasa haimshindi huyo mjinga, andika hivyohivyo kwenye sura ya nne. Hiyo peke yake ni risechi nzuri kuliko ramani ya 2050.

---

Mama Takwimu

Nkwabi mwanangu nimekusoma, umeeleza vizuri, ila na wewe nikukande kidogo. Umesema ulipitisha Mann-Kendall kuona kama ni bahati. Kile kipimo kinadhani kila mwaka unajitegemea. Umetoka kutuambia kwa mdomo wako kuwa miaka inafuatana. Mwaka mbaya unaua mizizi na mwaka unaofuata unaanza chini. Kwahiyo kipimo chako kitakuwa kinapiga kelele "trendi! trendi!" mara nyingi kuliko haki. Ulisafisha huo uhusiano wa mwaka kwa mwaka kabla?

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Mama sikusafisha. Nakubali. Nilivyorudia baadaye sehemu nyingi za ramani zilipoteza zile nyota za "uhakika", ila lile eneo la mtunduru lilibaki.

---

Mama Takwimu

Basi vizuri. Na wengine mnaosoma, ukipima pikseli milioni moja kwa kiwango cha asilimia 5, elfu hamsini zitakuambia zina trendi hata kama hakuna kitu. Nimemaliza, endeleeni.

---

Sheikh_wa_Sahel

Mbona huko Sahel, ule ukanda wa kusini mwa Sahara, wanasema jangwa limerudi nyuma, kijani kinaongezeka? Niliona video. Ni kweli au chai?

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Ni kweli na ina mtego wake. Sahel ilipigwa na ukame mkali mwanzoni mwa miaka ya 70 na tena 1983 hadi 1984. Setelaiti za NDVI zimeanza 1981. Yaani kamera imewashwa mtu akiwa amelala chini, lazima utamwona anainuka. Kama kamera ingewashwa miaka ya 50, mvua zikiwa nyingi kule, mstari ungeonekana tofauti kabisa. Mwaka wa kuanzia ndo unaamua nusu ya hadithi, na sisi hatujauchagua, umechaguliwa na tarehe ya kurusha roketi.

Ila si mvua peke yake. Kule Niger, Maradi na Zinder, wakulima waliacha kung'oa visiki shambani, wakavipogolea vikawa miti, na inatajwa kama hekta milioni 5. Ndo kwanini kuna njia ya kutoa kwanza sehemu ya kijani inayoelezeka na mvua (data ya mvua ya CHIRPS nayo inaanzia 1981 na ni bure), halafu unaangalia mabaki. Mabaki yakiwa yanapanda, kuna mtu au kitu kinafanya kazi. Yakishuka wakati mvua ni nzuri, kuna mahali ardhi inaumia. Nikilinganisha na wastani wa kijani peke yake, mimi hapo ndo ninapoanzia siku hizi.

---

Kijana wa AI

Wakuu mnateseka na vipimo vya kizamani kama hicho cha Mann cha 1945, siku hizi kuna mitandao ya neva, unaipa data zote inajifunza yenyewe na kubashiri. Mbona rahisi.

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Inajifunza yaliyopita mkuu, kama sisi. Kwa mwezi mmoja mbele inafanya vizuri, sijakataa. Kwa miaka 10 muulize kama inajua dagashida ijayo itaamua nini.

---

Ng'wana Mhela

Nkwabi turudi kwa mzee. Sasa kwa data hizohizo, ungeweza kujua kuwa ule ni mtunduru bila kwenda? Maana huwezi kwenda kila mahali. Na kwanini vichaka vimekuja, zamani tunachunga havikuwepo hivi.

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Hili ndo swali lililonikosesha usingizi, na jibu ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa, na lilikuwa ndani ya zilezile picha 575. Kosa langu lilikuwa wastani wa mwaka. Wastani unachanganya mboga na ugali kwenye sahani moja.

Ukifungua mwaka wenyewe, mwezi kwa mwezi, nyasi na miti vinaishi maisha tofauti. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kama Novemba hadi Aprili au Mei. Nyasi zinasubiri mvua ianguke ndo zichipue, zinapanda kwa kasi, mvua zikikata zinakauka. Miti na vichaka vingi vya kwetu havisubiri, mwezi wa 9 na wa 10 joto likipanda unaona majani mabichi yanatoka wakati ardhi bado ni vumbi, mizizi iko chini kwenye maji ya akiba. Kila mchungaji anajua hilo, mbuzi wote shingo juu mwezi wa 10.

Kwahiyo unatenganisha. Kijani cha kiangazi, hasa kile cha kabla ya mvua, hicho ni cha miti. Kile kilima kinachopanda na kushuka na mvua ndo sehemu kubwa ya nyasi. Nilivyochora upya lile eneo, kijani cha mwezi wa 9 na wa 10 kilikuwa kinapanda mwaka hadi mwaka, na kilima cha mvua kilikuwa kinazidi kuwa kifupi. Wastani ulipanda kwasababu kimoja kilishinda kingine. Yaani mstari wangu mmoja wa kupanda ulikuwa mistari miwili inayopishana, na ile ya ng'ombe ilikuwa inashuka. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia hiyo grafu kama dakika tano nzima bila kugusa kitu.

Kwanini vichaka vimekuja: mzee anasema ng'ombe wakizidi nyasi zinaisha, nyasi zikiisha moto hauna cha kuunguza, na moto wa zamani ndo ulikuwa unaua vichaka vikiwa vidogo. Halafu ng'ombe na mbuzi wanakula zile mbegu wanazisambaza kwenye kinyesi. Wataalamu wanasema hivyohivyo na wanaongeza hewa ya kaboni: 1981 ilikuwa kama 340 kwa kila milioni, sasa imepita 420, na miti inafaidika nayo kuliko hizi nyasi zetu za nchi za joto. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2016 ukaonyesha kati ya asilimia 25 na 50 ya maeneo yenye uoto duniani yameongezeka majani, sehemu kubwa wakaielekeza kwa hiyo hewa. Watu walishangilia. Mimi siku hizi nikisikia "dunia inazidi kuwa kijani" nauliza kijani cha mwezi wa ngapi.

---

Chogo_la_Kati

"Kijani cha mwezi wa ngapi" naipeleka kwenye status 😂🙌🏾

---

Binti Kolandoto

Kwenye mbuga zile za udongo mweusi inakubali? Maana ule udongo mvua ikinyesha tu unabadilika kabisa.

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Dada umegusa kidonda. Udongo mweusi wa mbuga unaifanya NDVI ionekane juu kuliko udongo mweupe wa luseni hata majani yakiwa sawa. Usilinganishe mbuga na luseni, linganisha mbuga na yenyewe ya mwaka jana. Kuna kipimo kingine SAVI, cha 1988, kinapunguza hilo tatizo pale majani yakiwa machache.

Na angalizo lingine kwa wanaorudi nyuma kwa Landsat: picha za ukanda wetu za mwishoni mwa 80 na miaka ya 90 ni chache mno, unaweza kukuta miaka imepita bila picha safi hata moja. Na Landsat 7 tangu mwisho wa Mei 2003 ina michirizi kama pundamilia. Mtu akikuletea mstari laini wa 1984 hadi leo muulize hayo mashimo kajaza na nini.

---

Ewaso_Boy (Isiolo)

Na ile nusu ya pesa ulilipwa?

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

😂😂 Nilirudisha ripoti nimeandika kwamba sehemu ya kwanza haibadiliki, ya pili naifuta, badala ya ramani moja ya miaka 10 nikatoa tatu: kama kila kitu kikiendelea hivi, kama vichaka vikikatwa na ngitili ikafungwa, na kama ikija mvua mbovu mfululizo kama ile misimu mitano iliyofeli kwa majirani zetu kuanzia mwishoni mwa 2020. Waliniambia wao walitaka jibu moja. Pesa ilikuja baada ya miezi saba, pungufu.

Mzee ndo hakutaka ripoti. Aliniuliza nikikata mtunduru mtaona huko juu? Nikamwambia baba tutaona. Akakata upande wa mashariki wa korongo, vijana wake na jirani, mkaa wakauza, akafunga kama ngitili. Upande wa magharibi kaacha ulivyo. Vipande vyote viwili vina pikseli za kutosha za mita 30, na Sentinel-2 inaniletea za mita 10 kila siku tano kukiwa hamna wingu.

Sasa naweka ubashiri wangu hapa hadharani, mods msiufute. Upande uliokatwa: mwezi wa 10 kijani kitakuwa chini kuliko upande wa vichaka, na mwezi wa 2 na wa 3 kilima kitakuwa juu. Ndani ya misimu mitatu. Lakini asiporudi kufyeka machipukizi, maana mtunduru ukiukata unachipua mizizini, ile tofauti ya mwezi wa 10 itaanza kufutika kabla ya mwaka wa tano.

---

Mama Takwimu

Andika na namba, "chini" kwa kiasi gani. Usitukimbie.

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Sawa mama. Tofauti ya mwezi wa 10 isiyopungua 0.05. Ikiwa chini ya hapo nimekosea.

---

Ng'wana Mhela

Nimeweka alamu. Mzee ana mbuzi? Maana mbuzi ndo watakula hayo machipukizi, hapo hesabu yako imeshaharibika.

---

Nkwabi wa Ramani (mwenye uzi)

Ana mbuzi 14. Sikuwahesabu. Ngoja nimpigie.